Nisimulie Kipindi cha Pili

Bwenini, 9 Februari

Kaka yangu Ngazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana ukiwa umesimama itachoka njiani kabla ya kufika machoni pako.

Mimi mzima, ila mafua ya bweni yanahama kitanda hadi kitanda kama mkaguzi, na leo yamefika kwangu. Mama alikuja siku ya wazazi. Anashona sare za shule nyingine na anasema vifungo vitamtoa macho. Amekukatia suruali mbili, kwa kuwa anajua kwamba waliotengeneza nguo za madukani hawakukuwaza. Mjomba naye anakusalimu. Ameniagiza nikuandikie kwa herufi kubwa ili usikie: HUJAMBO, MPWA WANGU! Unamjua, hata akiwa peke yake dukani na mkasi wake, anaongea kama ana foleni ya vichwa.

Jambo lenyewe ni hili. Siku za Jumamosi mwalimu wa zamu anatufungulia televisheni ya bwaloni tutazame mechi zenu za mpira wa kikapu. Lakini kengele ya kujisomea inagongwa mapumziko yanapofika, na hapo televisheni inazimwa. Kwa hiyo mimi ni mtaalamu wa vipindi vya kwanza tu. Wenzangu wakilalamika, mwalimu hujibu, "Kipindi cha pili kimo kwenye kitabu cha kemia."

Sijawatangazia kwamba wewe ni kaka yangu. Anajua mmoja tu, anayelala kitanda cha juu yangu, naye ni mtu wa siri. Ulipofunga kile kikapu cha mbali nilisimama peke yangu bwalo zima, halafu nikajifanya natafuta kijiko.

Naomba unisimulie kipindi cha pili. Matokeo usiyaandike, nayapata asubuhi kwa mpishi. Nataka ilivyokuwa. Na pia, kocha alipokupumzisha, mbona hukukaa kwenye benchi? Wenzako wote walikaa. Wewe ulisimama ukaegemea ukuta.

Mdogo wako akupendaye,
Kamusi


Nyumba ya wachezaji, 28 Februari

Kamusi wangu,

Marahaba, na pole kwa mafua. Barua yako imenikuta nimelala, miguu ikining'inia nje ya kitanda kama kawaida, kwa hiyo haikupanda mlima wowote.

Hapa tunaishi wanne chumba kimoja. Yupo mmoja anakoroma mpaka dirisha linaitikia. Mwambie mama hizo suruali zije haraka. Hii niliyonayo, watu wananiuliza kama kuna mafuriko kwetu. Na mjomba mwambie nimesikia.

Unataka kipindi cha pili? Haya, kaa vizuri. Tulirudi uwanjani tukiwa nyuma. Kocha alikuwa ametukaripia mpaka peremende ikamtoka mdomoni, ikaangukia kiatu cha nahodha. Basi nahodha anacheza na peremende imenata, kila hatua inalia chwa, chwa, na yule anayemkaba anashindwa kuzuia kicheko. Nahodha akampita. Akanipa mpira. Nikaruka, Kamusi, nikausikia ule ukimya wa ukumbi mzima ukivuta pumzi, na mpira ukaingia bila kugusa chuma. Kila walipotukaribia, nilifunga. Mwisho walinibeba juujuu, na mmoja wa walionibeba mpaka leo analalamika mgongo.

Kuhusu kusimama: mabenchi ya huku yametengenezewa watu wa kawaida.

Soma kemia.

Kaka yako,
Ngazi


Nyumbani, 24 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mpaka ikaanza kuchanika kwenye mikunjo, nikaibandika kwa gundi ya mwenzangu wa kitanda cha juu. Naye ameisoma. Anauliza kama peremende ilitoka kiatuni.

Tuko likizo fupi. Asubuhi namsaidia mama vifungo, mchana nakwenda dukani kwa mjomba kufagia nywele na kusoma pale pembeni, chini ya kalenda. Bahati mbaya ninyi wiki hii hamchezi. Wateja wanatazama timu nyingine, tena wanaishangilia simu kuliko televisheni. Nilimwuliza mjomba kwa nini.

"Hii siyo kamari," alisema, wembe ukiwa shingoni mwa fundi bomba. "Kamari ni ya wajinga. Hili ni soko la ubashiri."

"Usicheke, binti," fundi bomba akasema. "Ana wembe."

Nilieleweshwa hivi. Kuna swali, kwa mfano: je, timu fulani itafikisha pointi arobaini kipindi cha pili? Ukidhani ndiyo, unanunua ndiyo. Ukidhani siyo, unauza. Bei inapanda na kushuka kati ya sifuri na mia. Ikiwa sabini, maana yake watu wanaona kuna nafasi sabini katika mia kwamba litatokea. Likitokea, kila ndiyo inalipwa mia. Lisipotokea, umeshika hewa. Nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu ni hesabu za uwezekano tulizosoma muhula uliopita, ila hizi zina watu ndani yake. Bei ni maoni ya watu waliokubali kuumia wakikosea.

Kisha fundi bomba akasema wana kanuni yao kuhusu timu yenu: "Ngazi akisimama, uza." Wamegundua kwamba ukionekana umesimama ukutani kipindi cha kwanza, cha pili timu haifiki popote. "Hata ile mechi ya mwezi wa pili," akasema, "baada ya mapumziko hakurudi kabisa."

Nikamwambia amekuchanganya na mtu mwingine.

"Mtu gani mwingine ana urefu ule? Mnara wa simu?"

Mjomba akamgeuza kichwa kwa nguvu. "Huyo ni mpwa wangu. Wauze wengine. Mimi mpwa wangu simuuzi."

Nilifagia hata pale palipokuwa safi. Kaka, una maumivu?

Mdogo wako,
Kamusi


Nyumba ya wachezaji, 14 Aprili

Kamusi wangu,

Marahaba. Peremende ilitoka kwa kisu cha siagi. Mwambie huyo wa kitanda cha juu.

Sisi huku wazima. Yule wa kukoroma amehamishiwa timu nyingine, sasa usingizi umekuwa mgumu kwa sababu ya ukimya. Mama alinipigia simu tukaongea vizuri, ingawa nusu ya maongezi ilikuwa vipimo vya kiuno.

Fundi bomba arudi kwenye mabomba yake. Goti la kushoto lilivimba kidogo, mambo ya kawaida kwa watu wanaoruka kwa mshahara. Daktari wa timu amelitazama, anasema ni zima kama la mtoto. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao nacheza mechi nzima, mwanzo hadi mwisho. Wewe si umesoma uwezekano? Andika hii kwenye daftari lako: mia katika mia. Tazama kipindi cha kwanza kwa raha zako, cha pili niachie mimi nikusimulie.

Kaka yako,
Ngazi


Bwenini, 19 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Huku mvua zimezidi na bwalo linavuja, tunakula tumekinga sahani kwa vitabu. Nimekuwa wa pili kwenye hesabu. Wa kwanza ni yule wa kitanda cha juu, kwa hiyo chumba chetu hakina pa kukimbilia.

Barua yako ilinifurahisha sana. Nilimwandikia mjomba siku ileile, nikamnakilia maneno yako kwa mwandiko wangu mzuri, goti zima kama la mtoto, mechi nzima, mia katika mia. Nilipiga mstari chini yake kwa rula. Nilitaka tu asipate wasiwasi akimsikia fundi bomba.

Jumamosi ile uliyoniahidi nilikutazama. Ulifunga vizuri sana, hata mwalimu wa zamu alipiga makofi kisha akaitazama mikono yake. Halafu kocha akakupumzisha, nawe ukaenda ukutani. Kengele ikagongwa. Nilikwenda darasani na kitabu cha kemia sikukifungua.

Asubuhi mpishi alinimiminia chai akasema, "Pole." Matokeo hakunipa, nami sikuyaomba.

Mama ameandika. Mjomba ameuza kile kiti cha kuzunguka, na televisheni, na kwenye chumba cha duka sasa anakaa muuza viatu. Ananyolea watu barazani kwetu. Mteja anakalia kiti cha jikoni na kujishikia kioo mwenyewe. Mjomba anasema hewa ya nje ni nzuri kwa nywele. Mama hakuandika kwa nini ameuza.

Nisimulie kipindi cha pili.

Kamusi


Nyumba ya wachezaji, 2 Julai

Kamusi,

Marahaba. Hongera kwa hesabu. Suruali zimefika, zinanifunika mpaka visigino, mwambie mama mafuriko yamekwisha. Barua yako nimekaa nayo muda mrefu. Siyo posta iliyochelewa.

Hakikuwapo kipindi cha pili. Cha Mei hakikuwapo, na cha Februari vilevile. Peremende ya kocha ilikuwa kweli. Yaliyofuata niliyasikia kupitia ukuta, nikiwa nimelala kwenye sakafu ya chumba cha kubadilishia nguo na barafu gotini.

Goti likiwa moto linafanya kazi. Nikikaa tu, linafunga kama mlango uliovimba kwa mvua. Ndiyo maana nasimama. Mapumziko ndiyo yanayoniua. Wenzangu wanapumzika, mimi natembea huku na huku kwenye korido. Kisha kocha anatuita tukae atuchoree ubaoni, nakaa, na basi. Daktari aliniambia tangu Januari. Hakusema la mtoto.

Lakini nataka nikuambie la siku ile ya Mei. Mtunza vifaa ana simu anayoificha kwenye kapu la taulo. Siku hizi soko limeniwekea swali langu peke yangu: je, Ngazi atafunga hata kikapu kimoja kipindi cha pili? Walikuwa wanatazama bei huku mimi nafunga kamba za viatu. Arobaini. Ishirini na tano. Kumi na mbili. Watu ambao sijawahi kuwaona walikuwa wananijua kuliko mama yangu. Ila palikuwa na mtu mmoja anayenunua. Bei ikishuka, ananunua. Ikishuka tena, ananunua tena. Mtunza vifaa akasema, "Mwoneni huyu, anateka maji kwa pakacha!" Chumba kizima kikacheka. Kocha alicheka. Hata mimi, Kamusi, nilicheka kwa sauti. Nikasema, "Huyu mjinga ni nani?"

Kisha nikainuka, na goti likakataa.

Kisha, baada ya wiki mbili, ikaja barua yako na habari za kiti cha kuzunguka.

Usimwambie mjomba.

Ngazi


Bwenini, 20 Julai

Kaka,

Shikamoo. Mvua zimepungua. Mama anakohoa kidogo ila anasema ni vumbi la vitambaa.

Mjomba sijamwambia. Anawaeleza wateja wa barazani kwamba mwamuzi wa siku ile alikuonea. Wateja wanakubali, maana kioo wanacho wao lakini wembe anao yeye. Mimi ndiye niliyepiga mstari kwa rula, kaka. Hilo nalo sijamwambia.

Nimesoma sura ya maungio kwenye kitabu cha biolojia. Kinasema gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, likilika halioti tena. Nikadhani kitabu ni cha zamani, nikaenda maktaba kutafuta kipya. Kile kipya kinasema vilevile, ila kina picha za rangi.

Rudi nyumbani. Mama ametoa vitambaa vyote kwenye chumba chako.

Kamusi


Chumba cha kupanga, 15 Septemba

Kamusi wangu,

Marahaba. Kikohozi cha mama asikiache kizoee.

Umeona anwani imebadilika. Mkataba uliisha na hawakuongeza mwingine. Nahodha alinisindikiza mpaka getini akanibebea begi, akaniambia nisikate tamaa, kisha akaangalia saa. Chumba hiki kina kitanda, ndoo na msumari wa kutundikia suruali za mama.

Unaniambia nirudi. Nirudi nifanye nini, niwabadilishie balbu bila kupanda kiti? Na barazani nitakaa kiti gani?

Nimepata kazi, tena ukumbi uleule. Nakaa mezani ukingoni mwa uwanja na kifaa chenye vitufe. Kikapu, nabonyeza. Faulo, nabonyeza. Mpira ukipotea, nabonyeza. Kampuni iliyoniajiri inayauzia masoko yale taarifa hizo. Soko haliwezi kungoja televisheni, kwa sababu picha inachelewa kidogo njiani. Linangoja kidole changu. Bei zote unazoziona kwenye simu za wateja wa mjomba zinaamka nikigusa. Haturuhusiwi kushangilia, wala kuongea, wala kuinuka kabla ya mwisho. Wale niliokuwa nacheza nao wakija kurusha mpira mbele ya meza yangu, wananisalimu kwa nyusi.

Goti halinisumbui. Nakaa vipindi vyote viwili.

Ngazi


Nyumbani, 8 Desemba

Kaka yangu Ngazi,

Shikamoo. Natumaini itakukuta umekaa.

Shule zimefungwa. Mama kikohozi kimempungua mchana, usiku bado. Mjomba amepata mteja mpya, mwalimu mkuu mstaafu mwenye nywele pembeni tu, na anamtoza nusu.

Jumamosi fundi bomba alileta televisheni yake ndogo barazani. Bado anakuja kunyolewa kwetu hata kabla nywele hazijaota, nadhani ni aibu. Kwa mara ya kwanza nimetazama mechi yote mpaka mwisho. Nilikuwa nimekingoja kipindi cha pili mwaka mzima, na kilipoanza sikujua nitazame wapi.

Kamera ilipita mezani. Mjomba akaruka na brashi ya sabuni mkononi. "Yule pale! Mpwa wangu yule!" Ulikuwa umeinamisha kichwa. Umevaa suruali ya mama.

Fundi bomba akajaribu mzaha. "Haya, kanuni ilikuwa Ngazi akisimama, uza. Ngazi akikaa, tufanyeje?"

"Ngazi akikaa," mjomba akasema, "nyamazeni." Akarudi kumpaka mteja sabuni upande aliokwisha kumnyoa.

Nikasogea karibu na simu ya fundi bomba. Nikaona, kaka. Namba iliruka kwanza. Kwenye televisheni mchezaji alikuwa bado hata hajainua mikono. Ndipo akarusha, na mpira ukaingia. Ikawa hivyo kila mara, namba, kisha kikapu. Nilijua kila kikapu kabla ya baraza zima, na kila kimoja nilikipata kutoka kwako. Nilitaka kufurahi. Ulikuwa unanisimulia kipindi cha pili kama tulivyoahidiana, tena hiki ni cha kweli, ila hakina neno hata moja.

Niandikie kimoja kama cha zamani. Chenye peremende. Siyo lazima kiwe kimetokea. Safari hii sitamnakilia mtu.

Mdogo wako akupendaye,
Kamusi


Chumba cha kupanga, 21 Januari

Kamusi wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Wasalimie mama na mjomba, na wa kitanda cha juu. Suruali bado nzuri, kazi ya kukaa haichakazi nguo ila nyuma.

Nimejaribu tangu barua yako ilipofika. Naandika, "Tulirudi uwanjani tukiwa nyuma," halafu kidole kinauliza nani alirudi, nani alifunga, dakika ya ngapi. Nikitafuta, hakuna.

Ile mechi uliyoitazama, kipindi cha pili wenzangu wa zamani walipata pointi thelathini na nane. Swali la soko lilikuwa arobaini.

Kaka yako,
Ngazi